Kununua Noah iliyotumika: pa kuanzia kukagua, kinachokufa kwanza na matunzo yake

Jina "Noah" la Toyota limebeba gari kadhaa tofauti, na hapa tunazungumzia tatu za hadi mwanzoni mwa 2014. Dalali akikuambia "old model" au "new model" bado hajakuambia kitu, kwa sababu injini zake tatu zina magonjwa matatu tofauti, na fundi anayejua moja anaweza kuua nyingine. Voxy, iliyoanza 2001, ni gari lilelile lenye sura ya ujana, kwa hiyo yaliyomo hapa kuhusu gari za kuanzia mwaka huo yanaihusu pia.

Soma kibati kwanza

Ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa mbele kuna kibati cha chuma chenye namba ya modeli na namba ya injini. Hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari.

SR40 na SR50 ni TownAce Noah na LiteAce Noah za 1996 hadi 2001. Injini ni 3S-FE ya petroli, imekaa chini ya viti vya mbele na inazungusha tairi za nyuma. Taimingi yake ni ya mkanda. Mlango wa kusukuma ni mmoja tu, upande wa kushoto. (Ukikuta CR40 au CR50, hiyo ni dizeli ya 3C, na silinda hedi zake zinajulikana kwa kupasuka zikichemsha. Kama huna fundi wa dizeli unayemwamini, ipite.)

AZR60 na AZR65 zilitoka Novemba 2001 na kuendelea hadi 2007. Injini ni 1AZ-FSE, inayoitwa D-4, ambayo nozeli zake zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Taimingi ni ya cheni, nguvu inakwenda tairi za mbele.

ZRR70 na ZRR75 ni za kuanzia katikati ya 2007 hadi mwanzoni mwa 2014. Kuna 3ZR-FE ya kawaida na 3ZR-FAE yenye Valvematic, mfumo unaobadilisha kiasi cha kufunguka kwa valvu. Gia boksi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, inayotumia mkanda wa chuma.

SR50, AZR65 na ZRR75 zinavuta tairi zote nne. Kwa familia ya mjini huo ni uzito na mafuta ya bure, na ni propela na difu zaidi za kutunza.

Ushauri wetu: ukiipata SR40 ambayo haijachoka, ndiyo inayovumilia petroli mbaya na fundi wa kawaida, ila sasa ina zaidi ya miaka 20, na mpira na waya wake nao una umri huohuo. ZRR70 yenye 3ZR-FE ndiyo chaguo salama kwa familia nyingi. AZR60 bei yake inavutia kwa sababu wengi wanaikimbia. Usiinunue kwa kuwa ni rahisi, inunue kama imepita vipimo vilivyoelezwa hapa chini.

Gari limeishi vipi?

Kwa Tanzania, anza na kibao cha namba. Cha njano ni cha gari binafsi, cheupe ni cha biashara. Noah nyingi zimebeba abiria mikoani, zikijazwa watu kuliko viti vyake, na muuzaji anaweza kuwa amebadilisha kibao juzi. Mwili wa gari lakini haudanganyi. Inua zulia la nyuma utazame sakafu: Noah hutoka kiwandani na viti 7 au 8, kwa hiyo matundu ya bolti yasiyo na kazi, alama za kuchomelea au reli za viti zilizokatwa ni ushahidi kwamba kiti cha ziada kiliwahi kukaa hapo. Tazama pia kidato cha mlango wa kusukuma. Kikiwa kimelika hadi chuma huku dashibodi inasema kilomita 90,000, kimoja kati ya viwili hivyo kinasema uongo.

Kwa kilomita, fungua mlango wa dereva utafute stika ya Kijapani ya kubadilisha oili. Gereji za Japani hubandika tarehe na kilomita. Kwa stika za kabla ya katikati ya 2019, mwaka mara nyingi huwa umeandikwa kwa kalenda ya Kijapani ya Heisei: chukua tarakimu ya mwaka, jumlisha 1988. Stika yenye 22 ni ya 2010. Kama mwaka huo gari lilikuwa na kilomita 118,000 na leo dashibodi inaonyesha 96,000, hakuna haja ya kuuliza swali lingine.

Kama gari limetoka bandarini sasa hivi, omba karatasi ya mnada. Daraja la R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali paliponyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. W na XX zikikusanyika upande mmoja wa mbele, kagua upande huo kwa tochi.

Kadi ya gari iwe halisi. Kopi ya kadi ni dalili kwamba halisi iko kwa mkopeshaji. Linganisha namba ya chasisi iliyochongwa kwenye bodi na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, na uangalie kama faini za trafiki za namba hiyo zimelipwa. Kenya fanya hivyohivyo kwa logbuku kupitia eCitizen, na jina la mmiliki lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia.

Injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Makosa mengi ya Noah yanaonekana dakika tano za kwanza tu, na muuzaji mzoefu analijua hilo.

1. Fungua kifuniko cha rejeta (kwa injini baridi tu). Maji yawe ya rangi: pinki au nyekundu kwa kulanti ya Toyota, au kijani. Maji ya rangi ya kutu yanamaanisha gari limekunywa maji ya bomba kwa muda mrefu, na rejeta, wotapampu na mabomba ya hita yamekuwa yakiliwa kwa ndani. Utando wa mafuta juu ya maji ni mwisho wa ukaguzi.

2. Chomoa dipstiki ya oili. Isome, kisha inuse. Kwenye AZR60, oili iliyozidi alama ya juu na inayonukia petroli ni dalili ya pampu ya presha kubwa inayovuja ndani, petroli ikishuka kwenye oili. Oili iliyoyeyushwa hivyo hailindi beringi.

3. Fungua kifuniko cha kumiminia oili. Ute wa rangi ya maziwa ni maji. Gamba jeusi gumu kama lami ni oili isiyobadilishwa.

4. Washa swichi bila kupiga stata. Taa za injini, ABS na airbag ziwake zote, kisha zizime injini ikiwaka. Taa isiyowaka kabisa huwa imechomolewa au imezibwa kwa tepu nyeusi, na aliyeziba alikuwa na sababu.

5. Piga stata kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Mapovu mfululizo yasiyoisha, au maji yanayoruka, ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi. Ukiwa na shaka, gereji nyingi zina dawa ya bluu ya kupimia. Inawekwa mdomoni mwa rejeta na kugeuka njano ikikutana na gesi ya injini.

6. Sikiliza. Kelele ya mnyororo kwa sekunde chache kwenye 1AZ au 3ZR ni gia ya VVT-i (mfumo unaobadilisha taimingi ya valvu) au cheni inayoanza kulegea. Isiponyamaza, ondoka.

Moshi wa buluu wakati wa kuwasha, kisha unakata, ni sili za valvu. Hizo zina dawa. Moshi wa buluu unaoendelea ukikanyaga mafuta ni ringi, na kwa 3ZR zenye kilomita nyingi ulaji wa oili ni jambo la kulipima: uliza wanaongeza oili kiasi gani kati ya sevisi na sevisi, halafu tazama kama buti lina galoni la oili lililobaki nusu. Galoni hilo hujibu vizuri kuliko mwenye gari.

Ugonjwa wa kila injini

3S-FE haina mambo mengi. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kila kilomita 100,000, na wotapampu inazungushwa na mkanda huohuo, kwa hiyo kubadilisha mkanda bila wotapampu ni kulipa ufundi mara mbili. Tafuta stika ya mkanda ndani ya gari. Isipokuwepo, hesabu kwamba haujabadilishwa. Adui mkubwa wa SR40 ni joto. Injini iko katikati, rejeta iko mbele, na kati yao kuna mabomba marefu. Hewa ikibaki humo baada ya kubadilisha maji, geji inasoma kawaida huku silinda hedi inaungua. Inua kiti cha mbele, tazama chini kote. Bomba lililovimba au lenye klempu ya waya ni la kubadilisha siku hiyo.

1AZ-FSE ndiyo inayotaka subira. Kwa kuwa petroli haioshi valvu za kuingizia hewa, kaboni inajenga kwenye valvu, manifoldi, throto na valvu ya EGR (inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini). Dalili zake: silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, gari linazima ukisimama kwenye taa, linasita ukikanyaga. Mafundi wengi hubadilisha plagi na koili kwanza, kisha sensa, kisha wanakata tamaa. Kazi inayotakiwa ni kufungua manifoldi na kusafisha kaboni, EGR ikiwemo, na nozeli kupimwa kwenye mashine.

Tatizo lake la pili ni kubwa zaidi. Bolti za silinda hedi za nyuma, upande wa ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva, hung'oa uzi wa aluminiamu ndani ya bloku. Hedi inanyanyuka kidogo, maji yanapotea bila kuonekana yanakokwenda. Chukua tochi na kioo kidogo, tazama nyuma ya injini kwenye maungio ya hedi na bloku. Ukiona chumvi nyeupe au ya pinki iliyokauka kama machozi, hilo ndilo. Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii, kwa sababu bolti haina pa kushika. Lazima matundu yatobolewe na kuwekwa uzi mpya wa chuma, yote, hata yale yanayoonekana mazima. Fundi akikuambia "tutabadilisha gasketi tu", tafuta mwingine.

3ZR-FE haina jambo kubwa zaidi ya wotapampu inayolia au kuacha ukoko wa pinki pembeni ya mkanda. 3ZR-FAE ina kidhibiti cha umeme cha Valvematic juu ya hedi. Kikifa gari linakosa nguvu na kuwasha taa, mara nyingi kwa kodi (namba ya hitilafu inayosomwa na mashine) P1047 au P1049. Ni kipande ghali, kwa hiyo kwa FAE usinunue bila kupima kwa mashine.

Kuhusu mashine: visomeo vidogo vya kuunganisha na simu vinaweza kukosa mawasiliano na AZR60 za soko la Japani, hivyo nenda kwa fundi mwenye mashine ya Toyota. Mwambie asiishie kwenye kodi. Kama kompyuta inasema vipimo vyake vya ndani bado havijakamilika, mtu amefuta kodi au amechomoa betri kabla hujafika.

Gia boksi

AZR60 za kabla ya maboresho ya Agosti 2004 zina otomatiki ya gia nne. Baada ya hapo zikaja CVT. Kwenye kibati, ukiona K111 ni CVT.

Ukiwa umesimama na breki imekanyagwa, toka P kwenda R, kisha D. Gari lishike ndani ya sekunde moja bila kukupiga teke mgongoni. Kisha endesha polepole kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. CVT iliyochoka hutetemeka hapo, kama gari linapita kwenye matuta madogo yasiyokuwepo. Mlio wa king'ora unaopanda na mwendo ni beringi au mkanda wa chuma wa ndani. Kwa otomatiki ya gia nne, tazama kama mzunguko wa injini unaruka juu kabla ya gia kushika.

Kinachoua gia boksi hizi ni oili isiyo yake. Otomatiki ya AZR60 inatumia ATF T-IV. CVT inatumia oili ya CVT ya Toyota, TC au FE kulingana na mwaka. Weka ATF ya kawaida kwenye CVT na mkanda utateleza. Muulize muuzaji oili gani iliwekwa mara ya mwisho. Akijibu "haidroliki nzuri tu", punguza bei au acha.

Mlango, chini na baridi ya nyuma

Fungua na funga mlango wa kusukuma mara kumi, si mara moja, gari likiwa tambarare na tena likiwa kwenye mteremko. Mlango unaoshuka mwishoni, ukahitaji kunyanyuliwa ili ushike, umekula rola za chini. Rola zinapatikana na si kazi kubwa. Mlango wa umeme unaonguruma bila kusogea, au unaosogea nusu na kurudi, una kebo iliyochanika au mota iliyochoka. Hiyo ni kazi ya kufungua ubavu. Wengi huzima swichi kuu ya mlango kwenye dashibodi na kuutumia kwa mkono maisha yote. Hakuna ubaya, mradi bei ilijua hilo.

Noah nyingi kwetu zimeinuliwa kwa spesa ili zisigonge matuta. Kwenye AZR na ZRR, kuinua kunaweka shafti za mbele kwenye pembe kali, na sivi jointi (maungio ya shafti hizo) zinachanika buti zake, yaani mipira inayozifunika. Geuza stelingi mwisho wa kulia, endesha polepole kwa duara, kisha kushoto. Mlio wa ka-ka-ka ni sivi jointi. Tazama tairi: zilizolika upande wa ndani tu zinasema alaimenti haikurekebishwa baada ya kuinua. Namba nne za mwisho za DOT ubavuni zinaonyesha wiki na mwaka wa tairi, 2319 ikiwa ni wiki ya 23 ya 2019.

Chini, tafuta kutu kwenye matao ya tairi za nyuma na kingo za sakafu. Gari lililotoka kaskazini mwa Japani lilipita kwenye chumvi ya barafu, na la Zanzibar, Tanga au Mombasa limepita kwenye upepo wa bahari. Mabomba ya kiyoyozi cha nyuma yanapita chini ya sakafu na ndiyo yanayotoboka kwanza. Kiyoyozi cha mbele baridi na cha nyuma vuguvugu huanza na uvujaji hapo, ingawa utaambiwa "gesi tu imepungua".

Endesha na watu

Noah tupu karibu zote zinaendeshwa vizuri. Chukua watu wanne au watano, washa kiyoyozi mbele na nyuma, endesha dakika 40, na mlima uwemo. Baada ya mlima simama, acha injini ikiunguruma kwa dakika 10 na utazame geji na feni. Sindano ikipanda gari likiwa limesimama na kushuka likitembea, tatizo ni feni au rejeta iliyoziba. Ikipanda kwenye mlima na kushuka kwenye mteremko, fikiria gasketi au wotapampu. Zima, subiri dakika tano, washa tena: gari linalosumbua kuwaka likiwa moto lina shida ya petroli au sensa ya krenki.

Breki zikitetemesha stelingi mwendo wa 80, diski zimepinda.

Wiki ya kwanza ukishalinunua

Usiamini sevisi ya muuzaji. Fanya hizi kabla ya safari yoyote ndefu:

– Oili ya injini na filta. Injini zote tatu zinachukua lita 4 hivi (3ZR ni 4.2). Nunua galoni la lita 5, mimina tatu na nusu, washa kidogo, zima, subiri, kisha fuata dipstiki. 5W-30 inafaa zote. Badilisha kila kilomita 5,000, hasa AZR60, ambayo haipendi oili iliyozeeka.

– Maji ya rejeta, termostati na kifuniko cha rejeta. Kifuniko ni kitu kidogo, lakini kikilegea presha inashuka na maji yanachemka mapema. Changanya kulanti na maji safi nusu kwa nusu. Kwa SR40, pandisha pua ya gari kwenye mteremko, weka hita kwenye moto mwisho, na uendelee kuongeza maji mpaka mapovu yaishe na hita itoe joto.

– Kwa SR40 isiyo na stika: mkanda wa taimingi, tenshena, aidla, wotapampu na sili za mbele, kwa pamoja.

– Oili ya gia boksi kwa kufungua nati ya chini. Karibu nusu ya oili hubaki ndani ya tokonveta, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu moja au mbili. Usikubali kusukumwa kwa mashine kwenye gia boksi yenye kilomita nyingi ambayo haijawahi kubadilishwa oili.

– Filta ya hewa, ya kiyoyozi, na plagi. Plagi za iridiamu za 1AZ na 3ZR zinafika kilomita 100,000. Plagi bandia zinauzwa kwenye boksi lilelile, kwa hiyo tazama ncha: ya iridiamu ni nyembamba kama sindano.

– Maji ya breki, DOT 3, kila miaka miwili. Pedi zikifika milimita 3, badilisha.

– Presha ya tairi kulingana na kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, pamoja na tairi ya akiba, ambayo kwenye gari la familia hugunduliwa haina upepo siku ya safari ya Krismasi.

Kwa AZR60 ongeza moja: jaza petroli kwenye kituo chenye wateja wengi na usikimbie tanki likiwa karibu tupu. Pampu ya presha kubwa inalainishwa na petroli ileile inayoisukuma.